Jinsi ya kuihakiki 2147483647 mwenyewe kwamba ni namba tasa, kwa karatasi, kalukuleta ya shule na simu

Kama umewahi kuandika programu, hata ile ya mazoezi tu, basi hii namba umeshapishana nayo: 2147483647. Bilioni mbili na milioni mia moja arobaini na saba na chenji zake. Ndo namba kubwa kuliko zote inayoingia kwenye biti 32, yaani nafasi 32 za sifuri au moja, ukishatenga biti moja kwa ajili ya alama ya hasi, ndo maana kwenye programu nyingi ukiiongezea moja tu inageuka inakuwa hasi bilioni mbili na ushee. Desemba 2014 YouTube walitangaza wamehamisha kaunta yao kwenda biti 64 kwa sababu video ya msanii mmoja wa Korea Kusini ilikuwa inapita hapo. Na bado kuna Jumanne ya tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa zetu za Afrika Mashariki, hapo zitakuwa zimetimia sekunde 2147483647 tangu mwaka 1970 uanze kwa saa za Greenwich, na mashine itakayokuwa bado inahesabu muda kwa biti 32 itajikuta Desemba 1901.

Hayo wengi wanayajua. Kitu ambacho watu wanakipita tu ni kwamba hii namba ni tasa, yaani haigawanyiki na kitu chochote zaidi ya 1 na yenyewe. Na sio lazima iwe hivo eti kwa sababu ni kikomo cha kompyuta, maana kikomo cha biti 16 ni 32767 na hiyo ni 7 × 31 × 151, na kile cha biti 64 chenyewe kinagawanyika kwa 7. Hii ya katikati ndo imebahatika.

Sasa ukisema mtandaoni "2147483647 ni tasa" kila mtu anaitikia kwa sababu ameisoma mahali, nani amekagua? Na kukagua kunawezekana kabisa, mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza. Nitakuonyesha njia mbili za uhakika na mtego mmoja, alafu mwisho tucheze nayo kidogo.

Kwanza iandike vizuri

2147483647 = 2^31 − 1. Hako kakofia maana yake kipeo, yaani 2 ijizidishe mara 31 alafu toa moja. Ukiiandika kwa bainari, ule mfumo wa sifuri na moja, ni moja 31 zimejipanga mstari bila sifuri hata moja. Namba za umbo hili zinaitwa namba za Mersenne, kwa jina la padri Marin Mersenne wa Ufaransa, ambaye mwaka 1644 alitoa orodha ya vipeo ambavyo aliamini vinatoa tasa. Ya 31 aliipatia. Za 67 na 257 alikosea, na 61, 89 na 107 akaziruka, lakini kwa mtu asiye na hata kalukuleta mimi simlaumu.

Kuiandika hivi kunakupa kitu cha kwanza bure. Kipeo lazima chenyewe kiwe tasa. Angalia 111111 ya bainari, moja sita, hiyo ni 63: unaweza kuzipanga mbilimbili au tatutatu, na ukizipanga tatutatu unaona 111111 = 111 × 1001, yaani 7 × 9. Kipeo kikigawanyika namba nzima inagawanyika, hakuna mjadala. Moja 31 huwezi kuzipanga mafungu sawasawa, kwahiyo hapa tumepita.

Ila usiruke ukashangilia. Kipeo kuwa tasa ni sharti tu, hakitoi uhakika, na hapa ndo watu wengi wanateleza. 11 ni tasa lakini 2^11 − 1 ni 2047, na 2047 ni 23 × 89. Kwahiyo bado tuna kazi.

Ukubwa wa kazi kama hutumii akili

Njia ya shule ya msingi ni kujaribu kuigawa kwa kila tasa mpaka ufike kwenye kipeuo chake cha pili. Kipeuo cha pili cha 2147483647 ni 46340 na kitu, na tasa zilizo chini ya hapo ni 4792. Kalukuleta inaweza, mkono unaweza pia kama huna kazi nyingine, ila hakuna haja. Nyingi kati ya hizo 4792 haziwezi kuigawa hii namba hata zikitaka, na unaweza kuzifuta kabla hujagusa kitufe.

Njia ya kwanza: kuchuja washukiwa

Hii ndo kazi aliyoifanya mwanahisabati Leonhard Euler, akiwa St. Petersburg na macho yake karibu hayaoni tena, na majibu akayaeleza kwenye barua ya mwaka 1772. Hapa usikimbie, soma polepole, ni aya tatu tu ngumu.

Chukua tasa yoyote, iite q, unayoishuku kwamba inaigawa namba yetu. Kama kweli inaigawa basi 2^31 ukiigawa kwa q inabaki 1. Sasa fikiria unaanza na 1, unazidisha kwa 2 na kuchukua baki, unazidisha tena kwa 2 unachukua baki, unaendelea hivohivo, na hatua ya 31 unajikuta umerudi kwenye 1. Inawezekana ulisharudi kwenye 1 mapema zaidi? Kama ulirudi mapema, basi urefu wa ule mzunguko mfupi lazima uigawe 31 bila baki, na 31 ni tasa, kwahiyo mzunguko ungekuwa wa hatua moja tu, maana yake 2 yenyewe inabaki 1, kitu ambacho hakipo. Kwahiyo mzunguko ni 31 kamili. Upande wa pili mwanahisabati Fermat alishasema tangu 1640 kwamba ukiwa na tasa q isiyo 2, basi 2 ikipandishwa kwa kipeo q − 1 lazima ibaki 1. Unganisha hayo mawili: 31 inaigawa q − 1. Na kwa kuwa q ni witiri, q − 1 ni shufwa, kwahiyo ni 62 inayoigawa q − 1. Washukiwa wote wana sura ya 62k + 1. Tayari 3, 7, 11, 13, 17 na ukoo wao wote wameachiwa huru.

Chujio la pili. Kama q inaigawa 2^31 − 1 basi 2^32 inabaki 2. Lakini 2^32 ni 65536 × 65536. Yaani machoni pa q, hii 2 ni mraba wa kitu fulani. Na kuna kanuni ya zamani, hii naomba uipokee tu kwa sasa maana uthibitisho wake unataka ukurasa wake, inasema 2 inakuwa mraba kwa zile tasa tu ambazo ukizigawa kwa 8 zinabaki 1 au 7. Zilizobaki, zinazobaki 3 au 5, hapana.

Sasa weka hayo machujio pamoja. Zile 62k + 1, k ikiwa 0, 1, 2, 3, ukizigawa kwa 8 zinabaki 1, 7, 5, 3, alafu zinaanza upya. Tunabakiza mbili za mwanzo kwenye kila nne, na jibu lake ni kwamba kigawo chochote tasa cha 2147483647 lazima kiwe na umbo la 248n + 1 au 248n + 63. Basi. Chini ya 46340 kuna namba 373 tu za hivo, na ukitoa zile ambazo zenyewe sio tasa unabaki na kama 80 hivi. Kutoka 4792 mpaka 80, na hatujagawa kitu bado.

Tuanze nazo. 63 sio tasa. 249 ni 3 × 83, tupa. 311 ni tasa, weka. 497 ni 7 × 71, 559 ni 13 × 43, 745 inaishia na 5, 807 na 993 zinagawanyika kwa 3, 1055 inaishia na 5, 1241 ni 17 × 73, alafu 1303 ni tasa, weka. Unaona? Mpaka tumevuka elfu moja na mia tatu washukiwa wa kweli ni wawili tu, 311 na 1303. Inayofuata ni 1489.

Ukiwa na kalukuleta hapa ni rahisi, gawa moja kwa moja, 2147483647 ÷ 311 inakupa 6905092 na desimali, sio namba kamili, mshukiwa kaachiwa. Ukitaka baki yenyewe toa 6905092 kwenye jibu alafu zidisha zile desimali kwa 311, utapata kitu kinachokaribia sana 35, na baki ni 35 kweli.

Ukiwa na karatasi tupu kuna njia tamu zaidi na mimi naipenda hii kuliko kalukuleta. Tumesema q ikiigawa namba yetu basi 65536 × 65536 inabaki 2. Kwahiyo wewe chukua 65536, tafuta baki yake kwa q, hiyo baki ijizidishe yenyewe, tafuta baki tena, uliza swali moja: ni 2? Kama sio 2, q hausiki. Tujaribu 311: 65536 inabaki 226, na 226 × 226 ni 51076, inabaki 72. Sio 2. Tujaribu 1303: 65536 inabaki 386, na 386 × 386 ni 148996, inabaki 454. Sio 2. Kila mshukiwa anataka migawanyo miwili midogo tu. Kama 80 kwa hesabu hiyo ni kazi ya jioni mbili tatu na daftari moja, na ukifika 46340 bila kukutana na 2 hata mara moja, umemaliza: namba ni tasa na umeithibitisha wewe, bila kumuamini mtu.

Tahadhari moja hapa. Orodha ya washukiwa iandike yote kabla hujaanza kugawa, 1, 63, alafu unaongeza 248 kila upande, maana mtu akianza kuruka kwa macho akakosa mmoja katikati basi uthibitisho wote umekufa. Ukiwa na shaka kama mshukiwa mwenyewe ni tasa au sio, usihangaike, mpime tu, kupima asiyehusika hakuharibu kitu.

Mtego: jaribio la Fermat kwa 2

Ukitafuta mtandaoni jinsi ya kupima tasa kubwa utaambiwa haraka sana: pandisha 2 kwa kipeo n − 1, gawa kwa n, ikibaki 1 basi "labda ni tasa". Kwenye simu yenye Python, lugha ya kuandikia programu, ni mstari mmoja:

pow(2, n-1, n)

Kwa namba nyingi ushauri huu ni mzuri. Kwa namba za Mersenne haukusaidii chochote, maana 2^p − 1 yenye kipeo tasa inafaulu jaribio hili kila siku hata kama inagawanyika, ni kwa sababu imejengwa na 2 zenyewe. Weka n = 2047 uone, inakujibu 1, na tumeshasema 2047 ni 23 × 89. Badilisha 2 iwe 3 na 2047 inaumbuka hapohapo, inakujibu 1013. Ukiweka 2147483647 kwa 3 unapata 1, ambayo ni dalili nzuri sana ila bado ni dalili, uthibitisho haujawa.

Njia ya pili: Lucas na Lehmer

Edouard Lucas, Mfaransa, mwaka 1876 alithibitisha kwamba 2^127 − 1 ni tasa, namba yenye tarakimu 39, kwa mkono. Hakugawa kwa washukiwa, angekuwa anagawa mpaka leo. Alitumia mfuatano wa namba, na Derrick Lehmer wa Marekani akaja kuunyoosha miaka ya 1930 ukawa huu tunaoutumia sasa hivi. Kanuni yake ni fupi mpaka unahisi kuna kitu umefichwa:

Anza na 4. Ipige mraba, toa 2, chukua baki kwa 2^p − 1. Hilo jibu lipige mraba, toa 2, chukua baki. Rudia mpaka uwe umefanya hivo mara p − 2. Ukiishia kwenye 0 namba ni tasa. Ukiishia kwenye kingine chochote, sio tasa. Hakuna "labda".

Jizoeze na ndogo kwanza, usiruke hapa. p = 5, namba ni 31, unafanya mara 3. 4 inakuwa 14. 14 inakuwa 194, na 194 kwa 31 inabaki 8. 8 inakuwa 62, inabaki 0. Tasa. Sasa p = 7, namba ni 127, mara 5: 4, 14, 67, 42, 111, 0. Tasa. Alafu p = 11, ile 2047 yetu, mara 9: 4, 14, 194, 788, 701, 119, 1877, 240, 282, 1736. Sio 0, kwahiyo sio tasa, na hii unaijua ni kweli. Kitu cha ajabu ni kwamba jaribio limekwambia inagawanyika ila halijakwambia inagawanyika na nini. Lucas alikutana na hilohilo kwenye 2^67 − 1, alijua sio tasa lakini vigawo vyake havikujulikana mpaka 1903, Frank Cole alipovipata, 193707721 na 761838257287.

Kwa p = 31 unafanya mara 29, na hapa kalukuleta ya shule inagoma, maana mraba wa namba ya tarakimu 10 unafika tarakimu 19 na yenyewe inakukatia mwisho inakupa jibu la kukadiria. Excel nayo hivohivo, inatunza tarakimu 15 tu, na JavaScript ya kawaida ikivuka 9007199254740991 inaanza kukudanganya kimyakimya bila hata kukupa onyo. (Hiyo ya JavaScript ni 2^53 − 1, na sio tasa, 6361 inaigawa, ukiwa na muda hakikisha kwamba 6361 ni 106k + 1.) Tumia Python, yenyewe namba nzima haina kikomo, na programu za kuiendesha kwenye Android zipo za bure. Andika hivi:

def lucas(p):
    m = 2**p - 1
    s = 4
    for i in range(p - 2):
        s = (s*s - 2) % m
        print(s)
    return s == 0

print(lucas(31))

Zitaanza kutoka 14, 194, 37634, 1416317954, 669670838, 1937259419, na kuendelea, zinarukaruka huku na huku bila mpangilio wowote unaoonekana, alafu mwishoni kabisa, ghafla, 65536 na 0. Hiyo 65536 umeshaiona juu, na sio bahati: mraba wake ni 2^32, kwa namba yetu inabaki 2, ukitoa 2 ni 0. Ili ufike 0 lazima upite kwenye 65536 au kwenye hasi yake, hakuna mlango mwingine. Ndo maana kwa 127 iliyotangulia 0 ilikuwa 111, ambayo ni 127 − 16, na 16 ni 2^4. Ukiona programu yako inaishia 0 lakini imepita mlango mwingine, basi kuna kitu umeandika vibaya.

Usiiweke p = 2, itakwambia 3 sio tasa, jaribio hili ni la vipeo witiri tu.

Na kama unataka kufanya kwa mkono, hata hatua chache tu, jifunze kukunja. Unajua kutafuta baki ya 99 bila kugawa? 4358, unakata mbilimbili, 43 + 58 ni 101, unakata tena 1 + 01 ni 2, baki ni 2. Inafanya kazi kwa sababu 99 ni 100 kutoa moja. Namba yetu nayo ni 2^31 kutoa moja, kwahiyo kwa bainari unakata biti 31 za kulia, zilizobaki kushoto unazijumlisha nazo, basi, hakuna kugawa. Kwa 31: 194 ni 11000010, kata tano za kulia, 110 na 00010, 6 + 2 ni 8, ndo ile 8 tuliyoipata. Kompyuta kukata na kujumlisha biti ni kitu rahisi mno, na hii ni sababu mojawapo kubwa ya kwamba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana karibu kila wakati zinakuwa za Mersenne: zina jaribio fupi na baki ya bei nafuu.

Ukishaihakiki, icheze

Kuna mambo mawili ya hii namba naona yanafaa kujaribiwa na mtu, mengine ni mapambo.

La kwanza ni 7. Toa moja kwenye namba yetu, unapata 2147483646, na hiyo inapasuka vizuri: 2 × 3 × 3 × 7 × 11 × 31 × 151 × 331. Sasa anza na 1, uwe unazidisha kwa 7 na kuchukua baki kwa 2147483647. Utapita kwenye kila namba kuanzia 1 mpaka 2147483646, kila moja mara moja tu, kabla hujarudi kwenye 1. Huna haja ya kutembea safari yote kuhakiki, kwa kila tasa kwenye ule mpasuko piga pow(7, 2147483646//t, 2147483647), t ikiwa 2, 3, 7, 11, 31, 151, 331, na hakuna hata moja itakayokupa 1. Ukiunganisha na kwamba 7 kwa kipeo 2147483646 inabaki 1, hapo umepata uthibitisho wa tatu kwamba namba ni tasa, na huu nao ni wa uhakika kabisa. Na sio mchezo tu. 16807 ni 7^5, nayo inapita kote vilevile, na Park na Miller mwaka 1988 waliipendekeza kama kiwango cha chini cha kutengeneza namba za bahati nasibu kwenye kompyuta. Anza na 1, zidisha kwa 16807, baki, rudia: 16807, 282475249, 1622650073. Ya 10000 lazima iwe 1043618065, kama programu yako inatoa kingine irekebishe. Ila tafadhali usitengenezee nywila wala namba za siri kwa hii, mtu akiona moja tu anazijua zote zinazofuata.

La pili ni namba kamilifu. Zidisha 2^30 kwa namba yetu unapata 2305843008139952128, na ukijumlisha vigawo vyake vyote isipokuwa yenyewe unapata hiyohiyo, kama 28 ilivyo 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Euclid alishaonyesha kwamba kila tasa ya Mersenne inazaa moja. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba hii ya Euler pengine ndo itabaki kubwa kuliko zote milele, eti kwa sababu hazina faida hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine. Lucas alimjibu kwa ile ya 127, na Oktoba 2024 mradi wa GIMPS, wa watu wanaojitolea kompyuta zao, ulitangaza 2^136279841 − 1 iliyopatikana na Luke Durant, tarakimu zake 41024320. Jaribio ni hilihili la Lucas na Lehmer, ila usiiweke kwenye ile programu ya juu, simu itapata moto bure. Weka 61, 89, 107, 127, 521, 607, hizo zinajibu papo hapo, alafu weka 67 na 257 uone Mersenne alipoteleza.

Na kwa anayejiuliza: 5 ni tasa, 2^5 − 1 ni 31, tasa, 2^31 − 1 ni hii yetu, tasa, je 2^2147483647 − 1? Hapo mnyororo unakatika. Hiyo namba ina tarakimu zaidi ya milioni 646, hakuna simu itakayoiandika, lakini kumkamata mshukiwa wake hauhitaji kuiandika. Kwa kanuni ileile ya juu vigawo vyake lazima viwe 2k × 2147483647 + 1. Weka k = 68745, inatoka 295257526626031. Sasa andika pow(2, 2147483647, 295257526626031) ubonyeze, usome jibu.